Kopo la Risiti

Nimezimwaga risiti za Baba mkekani,
kopo zima la biskuti, tangu Ramadhani hadi Mfungo Saba.
Mimi ni mtu wa hesabu. Nakaa ofisini Kilindini
nikilinganisha makontena na karatasi zake;
nikasema, hili nalo litalingana.

Halilingani.

Picha ya kifua, elfu mbili na mia tano, Makadara.
Picha ya kifua, kifua kile kile, wiki ya pili yake, Tudor,
kwa kuwa daktari wa kwanza alikuwa kijana,
"hata ndevu hazijamjaa."
Kipimo cha moyo. Kipimo cha moyo. Kipimo cha moyo.
Dripu usiku wa manane, Buxton,
maana maji yakiingia mshipani mtu huona ametibiwa.
Mizizi ya Mwembe Tayari haina risiti,
ila Baba ameandika nyuma ya kadi ya harusi:
mia nane, na kuku.

Na sukari?
Sukari, ambayo ndiyo maradhi yenyewe,
imenunuliwa dawa mara mbili kwa miezi minane.

"Nikiwa mzima nameza ya nini?" husema.
"Hunijia ikitaka, kama mgeni wa Lamu.
Humtandikii kitanda mgeni
aliyekwisha kupanda basi."

Alipotajiwa sindano alichukua kofia yake
akatoka bila kuaga. Yeye, mtu wa kuaga hata paka.
Akaanza upya: kliniki nyengine, faili jengine,
mia tatu ya kujiandikisha,
Shekue, Sheikue, Shaku,
kila faili mgonjwa wake, hakuna amjuaye mwenzake.

Nami nilimkaripia.
Nilimwekea jumla mezani kwa kalamu nyekundu,
elfu arubaini na moja na mia sita,
na pembeni bei ya sindano za mwezi.
Aliitazama karatasi
kama aliyeonyeshwa bei ya sanda.

Kisha kidole cha mguu kikaoza kidogo, tukavuka Likoni.
Muuguzi Kadzo alikuwa akimfunga kidonda,
hakuinua uso, akauliza kama aulizaye bei ya mchicha:
"Mzee, wewe mwenyewe waonaje?
Hii sindano, itakufanya nini?"

Feni ilizunguka.
Baba akamtaja Twalib.

Nduguye. Winchi namba nne, bandarini.
Miguu ilivimba, akafichwa ndani Kibokoni,
akapelekwa siku ambayo hakumjua tena mkewe.
Alhamisi wakamdunga. Ijumaa, baada ya swala, wakamzika.
"Nimeona kwa macho yangu.
Ile sindano ndiyo iliyofunga mlango."

Kadzo hakucheka. Alikaza fundo la bandeji.
"Aliumwa muda gani kabla ya hiyo Alhamisi?"
Baba alihesabu kwa vidole.
Miaka. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia wa pili.
"Basi ilifika mwisho," Kadzo akasema,
"kwa sababu iliitwa mwisho."

Umri wangu wote nimekaa na Baba nyumba moja,
na sikujua kwamba kila tulipomtajia dawa
alisikia mchanga ukigonga viunza.

Risiti ya siku hiyo ninayo.
Bandeji, mia na hamsini. Dawa ya kidonda, mia mbili.
Swali halikuandikwa.

Sasa hujidunga. Si kila siku; Ijumaa hataki,
na maji ya karela bado anayanywa nyuma ya kabati
nami najifanya sisikii harufu.
Sisemi amepona.

Jana Kadzo alinigeukia mimi.
"Na wewe, dada, umewahi kupima?"
Nikamwambia meli imeingia, kazi ni nyingi.
Na kweli meli ilikuwa imeingia.

Nazirudisha risiti zake ndani ya kopo, moja moja.
Yangu haimo hata moja.
Kiu hii ni joto tu la Kaskazi, najiambia,
nikiamka mara ya tatu usiku
kutafuta maji.